Rimu za inchi 17: nijaze upepo kiasi gani?

SWALI: Assalamu alaykum, fundi. Nina Toyota Wish ya viti saba, niliinunua ikiwa na tairi za 195/65R15 91S. Mwezi jana nimeitia rimu za inchi 17 na tairi za 215/45R17. Ubavuni pameandikwa 91W na herufi XL. Stika ya mlangoni inasema nijaze upepo wa 220 kPa. Kijana wa stesheni ya petroli ataka kunijazia PSI 30, na jirani aniambia nifuate 51 iliyoandikwa kwenye tairi yenyewe. Kila baada ya wiki mbili naenda Mombasa na familia nzima. Nishike ipi? – Msomaji, Malindi

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Ziache zote mbili. Jaza 37 PSI, mbele na nyuma, tairi zikiwa baridi. Nitakuonyesha nimeitoa wapi, kwa sababu hesabu yenyewe ni nyepesi na utaitumia hata ukibadilisha gari.

Anza na stika. kPa na PSI zote ni vipimo vya presha ya upepo: 220 kPa ukiigawa kwa 6.9 unapata 32 PSI. Waliotengeneza gari waliipima hiyo kwa tairi ya 195/65R15 (yaani upana milimita 195, ubavu asilimia 65 ya upana huo, rimu inchi 15), si kwa uliyovaa sasa. Na gari halibebwi na mpira, labebwa na upepo ulioko ndani. Tairi yako mpya ni pana zaidi, lakini ubavu wake umefupika: ule wa zamani ulikuwa na kimo cha milimita 127, huu una 97 tu.

Sasa tazama ile 91. Watu wengi huiruka, nami ningependa kila mwenye gari aijue kuliko hata ukubwa wa rimu. Ni namba ya uzito: 91 maana yake tairi moja inaweza kubeba mpaka kilo 615, na 87 ni kilo 545. Tairi yako ya zamani ilikuwa 91 na mpya pia ni 91, kwa hiyo utadhani zinalingana. Hazilingani. Kwa viwango vya Ulaya, tairi ya kawaida hufikia uzito wake wote ikiwa na 250 kPa, lakini ya XL huufikia kwa 290 kPa. XL ni tairi iliyoimarishwa ibebe zaidi, ila huo uwezo wauomba kwa upepo zaidi.

Ile ya zamani, kwa 32 PSI, ilikuwa inabeba kama kilo 555. Ili hii ya XL ibebe kilo hizo hizo, chukua namba ya stika uzidishe kwa 1.16, yaani 290 ukiigawa kwa 250: 220 inakuwa 255 kPa, nayo ni 37 PSI. Kwa 30 ya yule kijana, tairi yako inabeba takriban kilo 470. Umepunguza kilo 85 kwenye kila gurudumu, halafu upakie watu saba na mizigo uende mpaka Mombasa kwenye lami ya jua la saa saba. Hapo ndipo ninapoogopa. Ubavu mfupi wenye upepo haba hujikunja kila mzunguko, unapata moto kwa ndani, na wewe nje huoni kitu. Nimeshafungua tairi ya mteja iliyokuwa bado na meno mazuri. Nilipoitenganisha na rimu, ulimwagika unga mweusi kama pilipili manga iliyosagwa. Ule ni mpira wa ubavu uliojisaga wenyewe. Tairi namna hiyo haizibwi, inatupwa.

51 je? Huo ni mpaka wa juu wa tairi, wala si kipimo cha kutembelea. Ukijaza hivyo itakanyaga kwa katikati tu, breki zitapungua nguvu mvua ikinyesha, na kila shimo utalisikia mgongoni.

Kupima ni alfajiri, gari likiwa limelala, kabla jua halijapiga upande mmoja. Nunua geji yako mwenyewe, maana za stesheni zimeangushwa mara nyingi. Ukishatembea, presha hupanda PSI nne au tano. Ukifika Kilifi ukaikuta 41 au 42, usiitoe. Ukiitoa, kesho asubuhi utakuwa chini.

Baada ya wiki moja jihakikishie kwa chaki. Chora mstari mnene kukata meno yote ya tairi, kutoka bega hadi bega, kisha tembeza gari mita mia mbili au tatu kwa kunyooka. Chaki ikifutika sawasawa, umepata. Ikibaki katikati, upepo ni mdogo. Ikibaki mabegani, umezidi. Sogeza PSI moja moja. Usishuke chini ya 37 ukiwa na familia garini.

Kwa uaminifu, kama ungeniuliza kabla ya kununua ningekupa 205/55R16 yenye 91. Ile hubeba kilo zile zile kwa 32 ya stika, na ingekuachia ubavu wa milimita 113 wa kupokea mawe ya njia ya Marafa. Hiyo ya 17, ukiingia murram, nenda pole, na kwenye mchanga usitoe upepo kama wafanyavyo wenye Land Cruiser, rimu itagonga jiwe. Na siku ya kununua nyingine, ukipewa 215/45R17 yenye 87, irudishe: hata kwa 36 haifiki kilo 555.

Spea yako kama bado ni ile ya 195/65R15, yenyewe ijaze 32 kama stika inavyosema.