Tambi huingia mwisho: kwa mnaoanza kazi ya jikoni Minnesota

Nimepika miaka sita katika nyumba ya kutunzia wazee huku Minnesota, na kila mwaka napokea vijana wapya, wengi wao Wakenya wenzangu. Chakula kinachowatoa jasho mwanzoni ni hiki ambacho wenyeji hukiita chow mein hotdish: nyama ya kusaga, mchele, supu nzito ya kopo na tambi kavu juu, vyote vikiokwa kwenye trei moja.

Jina chow mein lilifika Marekani na wahamiaji kutoka Guangdong, na maana yake ni tambi za kukaanga. Lakini msitafute Uchina ndani ya trei hii. Ni chakula cha makopo na cha baridi kali. Hapa hapa Minnesota, mjini Duluth, Jeno Paulucci, mtoto wa wahamiaji wa Kiitalia, alianzisha kampuni ya Chun King miaka ya 1940 na kuuza chow mein ya kopo nchi nzima. Supu ya uyoga ya kampuni ya Campbell's ilikuwa madukani tangu 1934. Wazee tunaowapikia wamekula chakula hiki tangu utotoni, kwenye kumbi za makanisa na baada ya mazishi, kwa hiyo wanakijua kuliko sisi.

Kwa trei ya watu sita hadi wanane: kaanga nusu kilo ya nyama ya kusaga na kitunguu kimoja mpaka wekundu uishe, umwage mafuta yaliyozidi. Tia kikombe cha selari iliyokatwa, uikoroge dakika mbili tu. Ikilegea kwenye kikaango, itapotea kabisa kwenye oveni, na mlaji anataka kuisikia ikivunjika chini ya jino. Kisha kopo moja la supu ya uyoga, moja la supu nzito ya kuku, nusu kikombe cha mchele mbichi, kikombe kimoja na nusu cha maji ya moto na robo kikombe ya sosi ya soya.

Chumvi usitie. Supu ina chumvi, soya ina chumvi, tambi nazo zina chumvi. Vijana wengi huionja nyama ikiwa bado kikaangoni, wakaiona imepooza, mkono ukaenda kwenye chumvi. Subiri.

Funika trei kwa foili na uoke nusu saa kwa nyuzi 350 za Fahrenheit, yaani kama 175 za Selsiasi. Foili ndiyo inayoivisha mchele, kwa sababu mvuke haupati pa kutokea. Funua, koroga, utafune punje moja ya mchele kutoka katikati, maana pembeni huwahi kuiva. Ikiwa na kiini kigumu, ongeza maji ya moto kidogo. Kisha irudishe trei nusu saa bila foili. Ukitumia wali uliokwisha kuiva, punguza maji yale yabaki nusu kikombe, la sivyo utapakua uji.

Sasa tambi. Siku yangu ya kwanza nilizichanganya zote ndani mapema, nikidhani zinahitaji kuiva. Saa moja baadaye zilikuwa zimevimba, laini kama mkate uliolowa chai, na sahani nyingi zilirudi zimeguswa pembeni tu. Tambi hizi zimekwisha kukaangwa na maji yote yametoka; kila dakika ndani ya mchuzi zinayanywa upya. Zinyunyize juu dakika 10 za mwisho, mpaka ziwe na rangi ya karanga iliyokaangwa. Ukiweka sikio karibu na trei inapotoka utazisikia zikitatarika.

Na tangawizi, pilipili na bizari, ziacheni kwa chakula chenu cha jioni. Najua mkono unawasha. Niliwahi kutia tangawizi, na mama mmoja wa miaka tisini na kitu akaniuliza kwa upole sana kama hotdish imeisha.

Kiporo kipashwe mpaka katikati ifike nyuzi 165 za Fahrenheit kwa kipimajoto, siyo kwa kukisia. Toa tambi za jana zilizolegea, nyunyiza mpya wakati wa kupakua. Mimi huficha mfuko mmoja kabatini kwa kazi hiyo.