Kupima nafuu ya watoto walioshuhudia mashambulizi

Mwalimu, umeuliza mtajuaje kama watoto mnaowahudumia Mpeketoni, kaunti ya Lamu nchini Kenya, walioshuhudia mashambulizi, wanapata nafuu, ilhali mfadhili anataka takwimu nanyi mna daftari la mahudhurio tu. Mahudhurio huonyesha kwamba mtoto amefika. Hayasemi kama usiku analala.

Pimeni kabla ya kikao cha kwanza, kwa sababu pasipo kipimo cha mwanzo hakuna cha kulinganisha baadaye. Hojaji ya SDQ (Strengths and Difficulties Questionnaire), inayouliza kuhusu hisia na tabia za mtoto, iliyotungwa na Robert Goodman na kuchapishwa mwaka 1997, ina vipengele 25, imetafsiriwa kwa Kiswahili, na hujazwa na mzazi, mwalimu, au mtoto mwenyewe akiwa ametimiza miaka 11. Vipengele 20 kati ya hivyo hutoa alama ya jumla ya matatizo, kuanzia 0 hadi 40; alama ikiwa juu, matatizo ni mengi zaidi. Mkiirudia baada ya miezi kadhaa, ijazwe na mtu yule yule, maana mama na mwalimu huona mambo tofauti.

Hata hivyo, alama pekee zisiwatoshe. Muulizeni mlezi anayoyaona nyumbani: je, mtoto bado hukojoa kitandani, hushtuka mlango ukibishwa, hukataa kwenda shambani, au amerudi kucheza na wenzake? Binafsi nayaamini zaidi mabadiliko ya aina hii. Nawasihi msimlazimishe mtoto kusimulia tena mkasa ili mpate cha kuandika kwenye ripoti. Ambaye alama zake zinapanda badala ya kushuka anahitaji mtaalamu wa afya ya akili, na anayetaja kujidhuru apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.