Twins au Vikings? Jibu kwa aliyehamia Minnesota majuzi

Mgeni wetu ameuliza maswali mawili. Kwanza, kwa nini wenzake kazini hapa Minneapolis wakitaja mechi za mtoano huongea kama watu walio matangani. Pili, kati ya Twins wa besiboli na Vikings wa futiboli ya Kimarekani ashabikie nani, maana mtoto wake anadai jezi. Wengi mmemjibu kwamba timu zote mbili zina laana, abaki na Arsenal yake. Mimi nimekaa Brooklyn Park, hapa kando ya Minneapolis, miaka mingi, na hapo kwa laana sikubaliani nanyi.

Ndugu, shabikia zote mbili, lakini anza na Twins.

Sababu ni hii: Twins walikuwa wakipigwa na watu waliowazidi, na kila mtu alijua wamezidiwa. Vikings hupigwa wakati wao ndio wanaotarajiwa kushinda. Maumivu ya namna ya kwanza mtu huyazoea. Ya pili hayazoeleki.

Anzia kwenye pesa. Ligi ya futiboli, NFL, imeweka kikomo cha mishahara tangu 1994, na pesa za televisheni za taifa hugawanywa sawa kwa timu zote. Besiboli haina kikomo cha namna hiyo. Timu ikivuka kiwango fulani inatozwa kodi, basi, na mwenye mfuko mnene analipa na kuendelea na safari. Ndiyo maana New York Yankees hununua wachezaji ambao sisi huku tunawaona kwa runinga tu. Oktoba 2004 Twins waliwafunga Yankees mechi ya kwanza kulekule New York, tukadhani mambo yameiva. Hawakushinda tena mechi hata moja ya mtoano mpaka 2023. Walipoteza 18 mfululizo, na 13 kati ya hizo mkononi mwa Yankees hao hao. Katika ligi kubwa za Amerika Kaskazini hakuna timu nyingine yenye rekodi mbaya kama hiyo ya mtoano. Iliyoniuma zaidi ni 2019. Msimu ule Twins walishinda mechi 101 na kupeleka mpira jukwaani (home run, pigo kubwa kuliko yote) mara 307, rekodi ya ligi wakati huo. Halafu Yankees wakaja, wakashinda mechi zote tatu, kwaherini.

Mimi besiboli nilifundishwa na mzee mmoja katika nyumba ya wazee nilikokuwa nafanya zamu ya usiku. (Wakenya wa huku mnajua, kazi yetu ni hiyo, hakuna haja ya kuficha.) Alikuwa na kijiredio kidogo na daftari la kurekodi mchezo kwa penseli, mrushaji kwa mrushaji, mpigaji kwa mpigaji. Mpigaji akikosa mpira mara tatu, mzee anaandika K. Akisimama tu kama mlingoti na mpira wa mwisho ukampita bila yeye kuinua gongo, K inaandikwa kinyume, imegeuza mgongo. Nilipoielewa ile K ya kinyume ndipo nilipoacha kuona besiboli ni watu waliosimama uwanjani wakitafuna mbegu za alizeti.

Mzee aliishi kwa kumbukumbu za 1987 na 1991, miaka ambayo Twins walitwaa ubingwa. (1987 ndio mwaka Gor Mahia walileta Kombe la Washindi la Afrika nyumbani. Nilimwambia, akaniuliza Gor Mahia wana mrushaji gani.) Fainali ya besiboli ni mfululizo, anayetangulia kushinda mechi nne ndiye bingwa. Zote mbili zilifika mechi ya saba, na katika zote mbili Twins walishinda kila mechi ya nyumbani na kupoteza kila ya ugenini. Nyumbani kulikuwa Metrodome, uwanja wenye paa la kitambaa lililoshikiliwa na hewa, na kelele za watu hazikuwa na pa kutokea. Mechi ya mwisho ya 1991 mrushaji wetu Jack Morris alirusha duru zote kumi peke yake (mechi ya kawaida ina tisa, na katika kila duru timu zote mbili hupata zamu ya kupiga), Atlanta hawakupata kitu, tukashinda moja bila. Siku hizi mrushaji akimaliza duru sita anapigiwa makofi kama shujaa.

Sasa njoo 2023. Toronto walikuja Target Field, uwanja wa Twins, kwa raundi ya kwanza, ambayo anayetangulia kushinda mechi mbili anasonga. Siku ya kwanza, tarehe 3 Oktoba, Royce Lewis wetu alipeleka mpira jukwaani mara mbili, tukashinda 3–1 na mkosi wa miaka 19 ukaishia hapo. Lakini mimi nitakusimulia ya siku ya pili, kwa sababu nilikuwepo, nimetoka zamu na macho mekundu. Duru ya tano, tunaongoza 2–0. Toronto wana mkimbiaji kituo cha pili na mwingine kituo cha tatu, wanaotaka kuzunguka vituo mpaka nyumbani wapate pointi, na mpigaji hatari, Bo Bichette, amesimama tayari. Watu tumesimama, kelele unazisikia mpaka kifuani. Aliyekuwa kituo cha pili ni Vladimir Guerrero Jr., naye amejisogeza hatua kadhaa mbali na kituo. Carlos Correa wetu alikuwa ameshaligundua jambo: kwa kelele zile Guerrero hawezi kumsikia kocha wake akimwonya. Mrushaji wetu, Sonny Gray, badala ya kumrushia mpigaji akageuka ghafla, akautuma mpira kwa Correa, Guerrero akaguswa na mpira yuko nje ya kituo, na anayeguswa hivyo ametoka. Huyo alikuwa wa tatu kutoka, na watatu wakitoka zamu ya timu imekwisha, Bichette hata hajapiga. Matokeo yakabaki 2–0 na Toronto wakarudi kwao. Houston walitutoa raundi iliyofuata, na sikulala na njaa kwa hilo.

Vikings ni habari nyingine kabisa. Walifika Super Bowl, fainali ya NFL, mara nne, ya mwisho Januari 1977, wakapoteza zote. Msimu wa 1998 walishinda mechi 15 na kupoteza moja. Mpigaji wao wa teke, anayetafuta pointi kwa kupitisha mpira kati ya milingoti ya goli, Gary Anderson, hakuwa amekosa hata teke moja msimu mzima, mpaka nusu fainali dhidi ya Atlanta, yadi 38, dakika chache zimebaki, akapeleka nje. Walifungwa muda wa nyongeza, 30–27. Januari 2016 dhidi ya Seattle, baridi ya nyuzi 21 chini ya sifuri, Blair Walsh alikosa teke la yadi 27, umbali ambao kwa kazi yake ni kama penalti bila kipa. Tukapoteza 10–9. Hata ile furaha ya Januari 2018, Stefon Diggs alipodaka mpira sekunde za mwisho na kukimbia peke yake mpaka mwisho wa uwanja kuwazima New Orleans, ilidumu wiki moja. Philadelphia walitupiga 38–7, kisha wakaja kuchukua Super Bowl hapa hapa Minneapolis, ndani ya uwanja wetu.

Hakuna laana hapo. Mechi moja tu ndiyo inayoamua katika NFL, na teke moja baya linafuta miezi mitano. Besiboli inakupa siku ya pili ya kurekebisha, na ukimleta mtoto mechi ya Jumanne mwezi wa Mei, tikiti haitakukausha mfuko. Treni za Blue na Green Line zinafika viwanja vyote viwili.

Kuhusu jezi: usinunue yenye jina la mchezaji anayecheza sasa. Diggs alienda Buffalo, Correa akarudi Houston, Sam Darnold alishinda mechi 14 na Vikings kisha akahamia Seattle. Mnunulie ya Kirby Puckett, nyota wa Twins wale wa 1987 na 1991, namba 34. Namba hiyo imestaafishwa, hakuna mwingine atakayeivaa, haendi popote.