Losheni yangu inajitenga, niipeleke kwa mashine?

SWALI: Mwalimu habari. Natengeneza losheni ya mafuta ya avokado hapa Kondele, Kisumu, nauzia majirani. Ikitoka kwa blenda iko sawa, laini kabisa, lakini baada ya wiki mbili inajitenga, kitu kinapanda juu maji yanabaki chini. Niliongeza zanthan gamu kidogo, ule unga wa kufanya vitu viwe vizito, ishikane, wapi, ikaharibika haraka zaidi. Kuna mtu ameniambia ipimwe na mashine ya leza, ile ya kupima ukubwa wa matone ya mafuta. Ni lazima?

JIBU: Pole sana dada, na hiyo chupa usitupe. Angalia kwanza, kilichopanda ni krimu nyeupe ama ni mafuta yenyewe, yale ya kijani? Kama ni krimu na ukitikisa inarudi, matone yako madogo ya mafuta bado ni mazima, yameshikana tu kama shada la zabibu. Kama ni mafuta ya kijani, matone yamemezana, hapo hata utikise aje hayarudi.

Leza ni nzuri lakini kwa hii yako inaweza kukudanganya, juu losheni inapunguzwa na maji mengi sana kabla ya kupimwa, na mashada yaliyoletwa na zanthan yanaachana humo humo, unaambiwa kila kitu kiko sawa.

Tafuta hadubini ya maabara ya shule, lenzi ya 40. Weka losheni kidogo kwa kioo vile ilivyo, usiongeze maji, funika, angalia. Halafu chukua nyingine, changanya taratibu na maji yenye sabuni ya vyombo, angalia tena. Mashada yakiachana, yalikuwa yameshikana tu. Ukiona matone makubwa makubwa yamebaki, hayo yameungana. Pima matone mia mbili ama tatu, matano hayakuambii kitu.

Sasa zanthan. Ikiwa kidogo inabaki kwa maji, matone mawili yakikaribiana haiingii katikati yao, kwa hivyo yanasukumwa kutoka nje hadi yanashikana. Na shada linapanda haraka kuliko tone moja, mwanafizikia Stokes alionyesha tangu 1851 kwamba kipenyo kikiongezeka mara mbili kasi inakuwa mara nne. Ikiwa nyingi ya kutosha maji yanakuwa mazito na matone yanakwama hapo yalipo, ile kidogo ndio mbaya.

Tengeneza chupa tatu za kioo siku moja, moja bila zanthan, ya pili kidogo, ya tatu zaidi, na kila asubuhi pima na rula krimu imefika wapi. Niandikie ulichoona.