Jabali linalojibu na kanisa linalovuma

Shikamoo mwalimu. Huku Mvumi nikiliita jabali, linanirudishia sauti yangu. Kanisani sauti inabaki inaning'inia tu. Si mwangwi uleule?

Marahaba. Kuulizwa habari za mvumo na mtu wa Mvumi, hiyo nimeipenda! Zote ni sauti iliyogonga kitu ikarudi; tofauti ni muda. Sauti mbili zikipishana kwa chini ya sekunde 0.1 hivi, sikio huzisikia kama moja. Hewani, kwenye joto la nyuzi 20, sauti huenda mita 343 kwa sekunde. Basi jabali likiwa zaidi ya mita 17 toka ulipo, neno linarudi ukiwa umeshanyamaza: huo ni mwangwi. Kanisani kuta, sakafu na dari zinarudisha kila moja kwa wakati wake, marudio yanapandana hadi sauti inaota mkia. Huo ndio mvumo.

Naimba kwaya, Nkuhungu. Tangu tuweke vigae na madirisha ya vioo, mahubiri hayasikiki. Tuchangie spika kubwa?

Jamani, msichange! Spika kubwa itakuza na mvumo wenyewe. Vigae, vioo na plasta hurudisha karibu sauti yote. Mhubiri akisema "Bwana asifiwe", "Bwana" haijaisha kuvuma, "asifiwe" imeshaipanda mgongoni.

Mwaka 1895 Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia Harvard, Marekani, alikabidhiwa ukumbi wa aina hiyo. Neno moja lilichukua sekunde 5.5 kufifia. Usiku, kukiwa kimya, alikuwa akibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine na kupima. Kadiri mito ilivyoongezeka, mvumo ulipungua. Kipimo chake cha sauti inayonywewa kilikuwa dirisha lililo wazi, kwa sababu sauti ikishatoka hairudi. Nanyi fungueni hayo madirisha kwanza, ni bure. Kisha mapazia mazito na zulia. Pigeni kofi moja kanisa likiwa tupu, halafu Jumapili limejaa, mtasikia nguo za watu zinavyonywa sauti. Msiumalize mvumo wote lakini, maana kwaya bila mvumo huwa kavu.

Mimi MC wa harusi. Kwenye mikisa, ile mashine ya kurekebisha sauti, kuna eko na riverbu. Nifungue ipi?

Ukitangaza, zima zote. Eko inarudia neno, riverbu inaongeza mkia, na ukumbi umeshakupa mkia wa kutosha.

Mwanangu anataka kujua mlima uko mbali kiasi gani.

Apige kofi, ahesabu sekunde hadi mwangwi urudi. Sekunde 1 ni kama mita 170, kwani sauti imekwenda na kurudi. Aende alfajiri, upepo wetu wa Dodoma haujaamka.