Amegawa viatu vyake

*Mama, mdogo wangu wa miaka 24 amemaliza chuo, hana kazi. Tangu Pasaka halali, hata sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani anaowapenda, wanarudi jikoni wamepoa. Juzi kampa mtoto wa jirani viatu vyake vizuri, akasema, "Mimi sitavihitaji tena." Baba anasema ni uvivu. Nikimuuliza kama anataka kujiua, si nitamfundisha? — Dada mkubwa, Kadutu, Bukavu*

Binti yangu, hivyo viatu vimenishtua kuliko usingizi. Mvivu hagawi viatu vyake vizuri.

Hutamfundisha kitu. Kama anawaza kufa, ameshawaza kabla hujafungua mdomo; ukimuuliza, anapata pa kuutua mzigo. Muulize leo, mkiwa wawili, bila kuzungukazunguka: "Unafikiria kujiua?" Akikubali, usimhubirie. Muulize tena kama ameshapanga namna na siku. Kama amepanga, asiachwe peke yake hata usiku mmoja, dawa na kila cha kumdhuru kiondoke nyumbani, na asubuhi isiwakute hamjaenda kwa muganga wa hospitali.

Sisi tunasema "ana mawazo" tukamaliza. Lakini mawazo yakikaa wiki mbili na zaidi, kila siku, yakala usingizi na hamu ya chakula, huo ni ugonjwa: sonona. Ugonjwa huo unamwambia mtu kwamba yeye ni mzigo kwenu, naye anaamini, kama mwenye malaria anavyotetemeka juani akidhani kuna baridi. Wengi wenye sonona hawajiui, nakuambia upumue kidogo. Na wapo wanaojiua bila sonona, deni au aibu ikiwabana ghafla. Ila kwa umri wake sifanyi mzaha: Shirika la Afya Duniani linataja kujiua kuwa sababu ya 3 ya vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29.

Mpeleke SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili, hapo hapo Bukavu. Ati ni pa wendawazimu? Waache waseme. Akipewa dawa, zinachukua wiki kadhaa kuleta nafuu, kwa hiyo siku ya 5 asizitupe akidai hazifanyi kazi. Maombi siyakatai, mradi mkesha usile siku ya muganga.

Baba mwambie kwa heshima kwamba huo uvivu anaouona una homa, ila haipimwi kwa kipimajoto.

Viatu usiende kuvidai. Siku atakapouliza mwenyewe viko wapi, mwende kwa jirani pamoja.