Mwanangu, usimwambie atulie

Kisumu, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako ulinikuta Ijumaa nikiwa sokoni Kibuye, nimeshika mfuko wa omena mkononi. Niliusoma mara mbili palepale. Unasema mjukuu wangu anataka nafasi ya mzee wa kijiji katika mchezo wa shule, yule anayeamua ugomvi wa shamba. Mchujo ni Alhamisi, na tangu mwalimu atangaze, mtoto hali asubuhi, na usiku anashtuka akisema maneno yote yamemtoka. Ukaniuliza: "Mama, nimwambie nini ili asiogope?"

Kabla sijakujibu, kuna jambo nimekaa nalo miaka mingi. Ulikuwa darasa la 6, nawe ulikuwa ukitafuta nafasi ya bibi mjane. Kila jioni ulisimama kwenye mlango wa jikoni, umejitanda leso yangu, nami nimekupa mgongo nakata sukuma wiki. Ungeanza: "Samba hili aliniachia marehemu mume wangu." Nami, bila hata kugeuka: "Shamba! Sema shamba, si samba. Anza tena." Katika nyumba yetu ya Kijaluo ile "sh" haikuja kwa urahisi, nami mwalimu wa Kiswahili niliogopa utachekwa. Tuliirudia sentensi ile wiki 2 nzima hadi ikanyooka.

Siku yenyewe nilikuja kukuchukua, nikasimama kwenye dirisha la ukumbi. Ulianza vizuri. "Shamba hili," ukasema, kisha ukanyamaza na kumtazama mwalimu. "Aliniachia," ukanyamaza tena. Nilidhani umesahau. Nilipotazama macho yako ndipo nilipoelewa: ulikuwa unasubiri kusahihishwa. Kila baada ya neno au mawili ulimpa mtu nafasi ya kukukatiza, maana ndivyo nilivyokuzoesha. Nafasi akapewa mwenzako. Ndani ya matatu ulitazama nje mpaka tukashuka nyumbani, na mimi sikukuomba radhi. Naomba leo.

Ndiyo maana naona mtoto huyu hahitaji sana maneno mazuri kutoka kwako kama anavyohitaji masikio yako. Anaogopa kukosea mbele ya watu. Basi akosee kwanza mbele yako, jioni baada ya jioni, aone kwamba hakuna kinachomdhuru. Weka simu mbali, keti, mwache aseme kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akiruka mstari, usimtilie neno mdomoni. Atahangaika kidogo, atatunga lake, atarudi njiani. Mtoto aliyezoea kujinyanyua mwenyewe nyumbani hupotea jukwaani na akarudi bila watazamaji kujua kuna kitu kilichoharibika. Ukiwa na la kumrekebisha, lisubiri hadi amalize, na liwe moja tu.

Kuhusu maneno kumtoka: bila shaka anausoma mswada tena na tena akiutazama. Ukisoma hivyo unajihisi unajua, kumbe macho ndiyo yanayojua. Afunike mistari yake kwa karatasi, aache ya mwenzake tu. Asome maneno ya mwisho ya mwenzake, kisha atoe ya kwake kichwani, ndipo afunue ahakikishe. Atakwama na kukasirika, lakini lile neno alilolitafuta kwa shida ndilo litakalokaa. Afanye hivyo jioni kidogo kidogo, kisha alale, kwa sababu kichwa huendelea kuyashikilia aliyojifunza wakati wa usingizi. Jumatano asikeshe kabisa.

Sasa nikuambie kama mtu aliyechagua waigizaji wa shule kwa miaka mingi. Sikuwa nikimtafuta anayejua maneno yote, na mara nyingi watoto nilikuwa nawaacha washike karatasi. Nilisikiliza kama sauti inafika kwa aliyeketi nyuma. Nilitazama kama anamsikiliza mwenzake au anangoja tu zamu yake. Halafu nilikuwa na kipimo kimoja: "Sema tena, lakini safari hii umekasirika." Hapo wengi walikwama. Walikuja na mahadhi ya nyumbani, kila neno na mahali pake pa kupanda na kushuka, hawakuweza kuyaacha. Kwa hiyo chezeni. Mwambie awe mzee aliyechoka, kisha mzee anayeficha siri, kisha mzee aliyefiwa na ng'ombe asubuhi ileile. Maneno ni yale yale. Atacheka, na akicheka utaona mabega yanashuka.

Kuhusu sauti, mtoe nje. Yeye asimame langoni, wewe kibarazani, azungumze nawe bila kupiga kelele. Kupaza sauti kwa koo humkausha mtu upesi. Apunguze kasi na amalize mwisho wa kila neno, maana huko ndiko watoto humeza. Wewe unajua mvua ya alasiri ikishuka juu ya ukumbi wa mabati inavyofanya.

Na tumbo lake? Mweleze kinachotokea, ni mkubwa wa kutosha kuelewa. Mwili ukiona jambo zito mbele yake hutoa homoni ya adrenalini. Moyo hudunda kupeleka damu kwenye misuli mikubwa, kazi ya tumbo inapungua, kinywa hukauka, viganja hutoa jasho. Chakula kinamshinda kwa sababu hiyo, si kwamba ni mwoga. Asubuhi ya Alhamisi mpe uji mwepesi na ndizi, mapema. Akiwa kwenye foleni, avute pumzi kwa hesabu ya 4 na aitoe polepole kwa hesabu ya 6 au 7. Ile ya kutoa ikiwa ndefu, moyo hupungua mbio.

Lakini usimwambie atulie. Mtu ambaye moyo wake unakimbia hivyo hawezi kutulia kwa kuamriwa, na akishindwa anapata hofu ya pili juu ya ile ya kwanza. Mwaka 2014 mtafiti wa Harvard, Alison Wood Brooks, alichapisha majaribio yake juu ya watu waliokuwa karibu kuimba, kuhutubia au kufanya hesabu. Katika hotuba na hesabu, waliojiambia kuwa wamesisimka walifanya vizuri kuliko waliojaribu kujituliza. Basi mfundishe aseme: "Nina hamu." Moyo ule ule unaodunda kwa hofu ndio unaodunda kwa hamu.

Mwambie pia habari za Laurence Olivier, mwigizaji mkubwa wa Uingereza. Karibu na umri wa miaka 60, baada ya maisha yote jukwaani, hofu ilimvamia ikamwandama takriban miaka 5. Aliendelea kuigiza nayo. Akafikia kumwomba mwigizaji mwenzake asitoke machoni pake. Naye mjukuu wangu atafute uso mmoja ukumbini, wa rafiki, autazame.

Unasema ameanza kuuliza atavaa nini mbele ya Rais. Ni kweli tamasha letu la shule, lililoanza 1959, hupanda kutoka zoni hadi kaunti ndogo, kaunti, eneo, kisha taifa, na washindi huigiza mbele ya Rais. Mwache aote. Ila Alhamisi kuna mwalimu wake na wenzake anaokula nao githeri, basi.

Asipochaguliwa, usimfariji njiani. Mnunulie mahindi choma, mnyamaze pamoja. Akiwa tayari atasema mwenyewe.

Nitumie picha za kurasa zile. Mwambie Dani, yaani mimi nyanya yake, atapiga Jumanne saa 2 usiku, mimi nisome sehemu za chifu, yeye za mzee. Na akisema "samba", nitasoma mstari wangu unaofuata.

Mama yako